Kigalisia Hakikuzaliwa na Kihispania: Ushahidi wa Miisho ya Maneno

Kuna dai la zamani kwamba Kigalisia, lugha ya Galicia katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, ni Kihispania kilichopindishwa na midomo ya wakulima na wavuvi. Dai hilo halikubaki porojo za barazani. Kwa karne nyingi lilitumika kuiweka lugha hiyo nje ya shule, mahakama na mimbari, kwa hoja kwamba makosa ya matamshi hayastahili kufundishwa. Leo Kigalisia ni lugha rasmi ya Galicia sambamba na Kihispania, na kina akademia yake tangu mwaka 1906. Hata hivyo dai lenyewe halijafa. Linaweza kukanushwa bila kugusa siasa wala hisia za kizalendo, kwa kuchunguza sehemu ndogo sana ya maneno: viambishi tamati vinavyounda nomino, na safari yao kutoka Kilatini.

Kwa nini viambishi, na si maneno mazima? Neno moja moja ni shahidi dhaifu. Huazimwa sokoni, huletwa na askari, hufuata bidhaa na dini. Kiambishi tamati kimekaa katika mamia ya maneno kwa pamoja, msemaji hukitumia bila kukifikiria, na kikibadilika hubadilika kwa mpango unaoweza kufuatiliwa. Kilatini kilichoingia rasi ya Iberia na majeshi ya Roma kuanzia mwaka 218 KK, na kuota mizizi kaskazini-magharibi baada ya vita vya Augusto kumalizika mwaka 19 KK, kilikuwa na hazina kubwa ya viambishi hivyo: -arius kwa mtu wa kazi fulani, -torium kwa mahali pa kutendea jambo, -mentum kwa tendo au zao lake, -tas kwa sifa, -tio kwa tendo, -etum kwa mahali palipoota miti ya aina moja. Hazina hiyo ilifika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mdomo, kutoka mzazi hadi mtoto, ambapo sauti zilisagika kizazi baada ya kizazi. Ya pili ni ya kitabu, ambapo makasisi na wanasheria waliyachukua maneno ya Kilatini yakiwa bado mazima na kuyavika vazi jepesi la lugha yao. Ndiyo maana rationem ya Kilatini imezaa maneno mawili katika kila moja ya lugha hizi: razón, yaani akili au sababu, lililopita mdomoni, na ración, yaani posho au fungu la chakula, lililotoka kitabuni. Asiyetenganisha njia hizi mbili atapotea mapema katika mjadala huu.

Tuanze na -arium, umbo jingine la -arius. Mhunzi wa Kilatini, ferrarium, ni herrero kwa Kihispania na ferreiro kwa Kigalisia. Seremala ni carpintero upande mmoja na carpinteiro upande wa pili. Pesa ni dinero na diñeiro, mwezi wa Januari ni enero na xaneiro. Njia ya sauti inajulikana vizuri. Irabu i ya silabi ya mwisho iliruka ikatangulia r, -arium ikawa -airo. Kisha ai ikawa ei, tukapata -eiro. Kisha Castilla, eneo lililo chimbuko la Kihispania, ikaibana ei ikawa e tupu, tukapata -ero. Mwanaisimu Ramón Menéndez Pidal, katika kitabu chake Orígenes del español cha mwaka 1926, alipekua hati za karne ya 10 na ya 11 akaonyesha kwamba Castilla ndiyo iliyotangulia kubana irabu hizo, huku majirani zake wa magharibi wakizishikilia. Kwa hiyo umbo la Kigalisia linasimama katikati ya njia ambayo Kihispania kimekwisha kuipita. Lugha haiwezi kuwa mtoto wa umbo lililokuja baada yake.

Waswahili wanacho kipande cha kiambishi hiki vinywani mwao. Bendera ilitoka kwa Wareno, ambao husema bandeira kama Wagalisia, ilhali Wahispania husema bandera. Mzizi wake, banda, si wa Kilatini bali ni wa asili ya Kigermaniki, na hilo lina uzito katika hoja yetu: kiambishi kilikuwa hai kiasi cha kunasa mizizi ya wageni waliovamia Iberia baada ya Roma kudhoofika. Kama kingekuwa mabaki yaliyokauka ndani ya maneno ya kale, kisingepata nguvu hiyo.

Mpinzani makini atajibu kwamba msemaji wa Galicia angeweza kuchukua -ero ya Kihispania na kuichomekea i kila alipoikuta, na matokeo yangefanana. Jibu la haraka ni kwamba hakuichomeka kila mahali. Maneno sincero, severo na austero yanaishia kwa -ero katika Kihispania, na Kigalisia kinayo vilevile, bila i. Kilatini chake kilikuwa sincerus, severus, austerus, bila -arius hata chembe. Jibu hilo linasaidia lakini halitoshi, kwa sababu hayo ni maneno ya vitabuni, na mpinzani anaweza kusema yaliingia baada ya tabia ya kuchomeka i kukoma. Haki yake tumpe. Inabidi kutafuta mahali ambapo hana pa kutokea.

Mahali hapo ni -dero. Kihispania kina panadero, mwoka mikate, na ganadero, mfugaji. Kina pia lavadero, mahali pa kufulia, bebedero, mahali pa kunyweshea mifugo, na matadero, machinjio. Kwa sikio la Mhispania wa leo mwisho wa maneno yote matano ni mmoja. Mgalisia anasema panadeiro na gandeiro, lakini lavadoiro, bebedoiro na matadoiro. Kundi la kwanza limetoka kwenye -arium, la pili kwenye -torium, na Kigalisia kinazitenganisha hadi leo asili mbili ambazo Kihispania kimezichanganya. Mkulima aliyekuwa akiharibu Kihispania angejuaje ni -dero ipi aigeuze -deiro na ipi aigeuze -doiro? Asili ya Kilatini haikuandikwa kwenye paji la neno.

Bado mpinzani anayo hatua moja, nayo si ya kipuuzi. Anaweza kusema kwamba Mgalisia aligawanya kwa maana: -deiro kwa mtu, -doiro kwa mahali. Ni kweli kwamba maana zinasaidia kuwatenga watu na mahali, na ni kweli pia kwamba katika vivumishi vichache -deiro na -doiro zimeingiliana. Lakini maana haizai sauti. Hiyo oi ilitoka wapi, wakati Kihispania cha leo hakina hata dalili yake katika maneno haya? Tazama maneno mengine ambayo Kilatini kilikuwa na o au u, ikifuatwa na r na i. Ngozi, corium, ni cuero kwa Kihispania na coiro kwa Kigalisia. Ndege mbaya au fali, augurium, ni agüero na agoiro. Maji ya chumvi ya kuhifadhia chakula ni salmuera na salmoira. Panapo ue katika Kihispania, Kigalisia kina oi, kwa utaratibu usioyumba. Basi tungetarajia kwamba zamani Castilla walisema -duero, na ndivyo ilivyokuwa: umbo hilo limo katika maandishi ya Gonzalo de Berceo, mshairi wa karne ya 13, kabla ya u kuanguka na kuacha -dero. Lavadoiro ya Kigalisia inalingana na umbo la Kikastilia ambalo lenyewe lilikufa. Haikuweza kutokana na lile lililobaki.

Nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kosa ambalo watetezi wengi wa Kigalisia hulifanya, la kukigeuza kuwa hifadhi takatifu ya Kilatini na Kihispania kuwa mharibifu. Viambishi haviruhusu hadithi hiyo. Tazama -mentum. Katika Kihispania, e fupi ya Kilatini yenye mkazo hupasuka na kuwa ie: ardhi ni tierra, jiwe ni piedra, jino ni diente. Kigalisia hakipasui: terra, pedra, dente. Kwa hiyo neno lililopita mdomoni limekuwa na -miento huko Castilla, kama pensamiento, wazo, na lililotoka kitabuni limebaki na -mento, kama monumento, documento, fragmento. Mhispania anayo alama ya wazi inayomwonyesha njia ambayo neno lilipitia. Mgalisia hana: pensamento na monumento zinaishia namna moja. Hapa Kigalisia ndicho kilichoficha tofauti, na Kihispania ndicho kinachoishuhudia. Hakuna anayedai kwamba Kihispania ni Kigalisia kilichopinda, lakini kama angekuwepo, angekanushwa na -miento kwa hoja ileile iliyomkanusha mwenzake kwenye -doiro. Kila lugha inajua jambo ambalo nyingine imelisahau. Hali hiyo huwapata ndugu wawili, haimpati mzazi na mtoto.

Kiambishi cha sifa, -tatem, kinazidi kuimarisha hoja hii, na ninakipenda kuliko vyote kwa sababu humo kila lugha imepotea njia kwa namna yake. Wema, bonitatem, ni bondad na bondade. Mji, civitatem, ni ciudad na cidade. Ukweli, veritatem, ni verdad na verdade. Kihispania kimeangusha e ya mwisho, ingawa inarudi kwenye wingi: ciudades, verdades. Kigalisia huangusha e baada ya l, n na r, mathalani sal, pan na mar, lakini baada ya d kimeishikilia: rede ni wavu, parede ni ukuta, saúde ni afya, ambapo Kihispania kina red, pared na salud. Hadi hapo Kigalisia kinaonekana mhafidhina. Sasa tazama uhuru, libertatem. Katika bonitatem ile t ya kiambishi ilikuwa kati ya irabu mbili, na t iliyo kati ya irabu hulainika kuwa d. Katika libertatem ilitanguliwa na r, haikuwa na sababu ya kulainika, na Kihispania kinatoa libertad, sawasawa kabisa na kanuni. Kigalisia kinasema liberdade. Hiyo d haikuzaliwa na sauti. Imetokana na mvuto wa bondade, verdade na wenzao wengi, ambao ulilifanya neno hilo lifuate kundi. Hata hivyo vontade, yaani utashi, kutoka voluntatem, halikukubali mvuto huo likabaki na t yake. Kanuni za sauti ni imara, lakini wasemaji hulinganisha maneno na maneno, na kiambishi chenye watoto wengi huwavuta hata wasio wake.

Pingamizi zito kuliko yote liko kwenye -tionem, umbo jingine la -tio, na si vyema kulipita kimyakimya. Nación, acción, canción, lección: Kigalisia na Kihispania haziachani hata herufi. Wareno husema nação, ação, canção. Ikiwa Kigalisia ni ndugu wa Kireno na si tawi la Kihispania, mbona hapa kimesimama na Castilla? Sehemu ya jibu ni ya asili. Maneno yaliyopita mdomoni yanaonyesha -zón ya Kigalisia yenyewe, na mara nyingine inakwenda mahali ambapo Kihispania hakikwenda: usaliti, traditionem, ni traizón kwa Kigalisia na traición kwa Kihispania, wakati mila, lililo neno lilelile la Kilatini lililotoka kitabuni, ni tradición kwa wote wawili. Maandishi ya Kigalisia ya karne ya 13 na ya 14 yana oraçon kwa sala, na wakati huo lugha hiyo ilikuwa na heshima kubwa kiasi kwamba Alfonso X, mfalme wa Castilla, aliichagua kwa mashairi yake ya kumsifu Bikira Maria. Sehemu ya pili ya jibu lazima ikubali ukweli wa mpinzani. Kuanzia karne ya 16 hadi ya 18, kipindi ambacho Wagalisia wenyewe hukiita karne za giza, lugha yao ilikaribia kukoma kuandikwa. Elimu, sheria na ibada zilikuja kwa Kihispania, na maneno ya kitabuni yakaja yakiwa yamevaa mavazi ya Castilla. Tabaka hilo la Kigalisia lina rangi ya Kihispania, na kulikana ni kudanganya.

Lakini tabaka la mkopo halibadilishi ukoo. Waswahili wamelisikia dai la aina hii kuhusu lugha yao, kwamba ni Kiarabu kilichochanganyika, kwa sababu ya wingi wa maneno kama kitabu, dakika na safari. Jibu halikuwa kukanusha mikopo, bali kuonyesha kwamba kitabu kimepewa wingi wa vitabu, na safari imezaa msafiri na kusafirisha, kwa mitambo ya Kibantu isiyokuwepo Uarabuni. Katika Kigalisia pia mitambo ndiyo inayotoa hukumu, na mitambo ya -eiro, -doiro, -dade na -mento haikununuliwa Castilla.

Mkopo wenyewe unaweza kugeuka ushahidi. Kilatini kilikuwa na -aticum. Huko Castilla, kwa njia ya mdomo, kilitoa -azgo: portazgo ni ushuru wa njiani, kutoka portaticum. Kisha, katika zama za kati, mahujaji, watawa na wafanyabiashara wa Kifaransa walipomiminika kwenye njia ya kwenda Santiago de Compostela, mji mtakatifu wa Galicia, walileta umbo lao la kiambishi hichohicho, -age. Kihispania kikapata -aje, Kigalisia -axe: viaje na viaxe, safari, mensaje na mensaxe, ujumbe, paisaje na paisaxe, mandhari. Kifaransa huyahesabu maneno haya kuwa ya kiume, na Kihispania kikafuata: el viaje. Kigalisia kinasema a viaxe, kwa jinsia ya kike, kama Kireno a viagem, isipokuwa machache kama traxe, vazi. Maelezo yanayoridhisha ni kwamba yalichanganywa na maneno kama imaxe, picha, kutoka imaginem ya Kilatini, ambayo ni ya kike tangu awali. Lau Wagalisia wangeyapokea maneno hayo kwa kuyanakili kutoka Kihispania, jinsia ya kiume ingekuja nayo, maana kiambishi cha Kihispania huambatana na el katika kila sentensi.

Kwenye miti, tofauti inakuwa ya mpango mzima. Kilatini kilitenga tunda na mti kwa jinsia: pirum, pea, ni jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, na pirus, mpea, ni ya kike. Jinsia ile ya tatu ilipokufa, kila lugha ilitafuta njia yake. Kihispania kwa sehemu kubwa kiliendelea na mbinu ya jinsia: manzana ni tunda la tufaha, manzano ni mti wake; naranja ni chungwa, naranjo ni mchungwa; castaña na castaño vivyo hivyo. Penginepo kilitumia -al, kama peral na nogal, na mara chache -era, kama higuera, mtini. Kigalisia kiliegemea -arium na -aria karibu kila mahali: pereira, maceira, laranxeira, nogueira, oliveira, figueira, na kwa umbo la kiume limoeiro na castiñeiro. Huenda si bahati kwamba neno lenyewe la mti ni la kiume katika Kihispania, el árbol, na la kike katika Kigalisia, a árbore, kama lilivyokuwa arbor ya Kilatini. Hapa hatuzungumzii tena matamshi. Hakuna namna ya kutamka vibaya naranjo ikawa laranxeira. Kilichotofautiana ni uamuzi wa kiambishi kipi kifanye kazi ipi. Majina ya ukoo kama Pereira na Oliveira, ambayo Wagoa walifika nayo Zanzibar, Mombasa na Nairobi kupitia historia yao na Ureno, yamebeba uamuzi huohuo wa magharibi ya Iberia.

Na palipoota miti mingi, -etum iliacha alama kwenye ramani. Karibu na Valladolid kuna mji wa Olmedo, mahali pa miti iitwayo olmo. Katika mkoa wa Lugo kuna Carballedo, mahali pa miti ya carballo, mwaloni wa Galicia. Neno carballo linaaminika kuwa la kabla ya Warumi, kwa hiyo wenyeji walihifadhi jina lao la mti na kulivika kiambishi cha watawala. Figueiredo ina tabaka mbili, -eiro ndani na -edo nje, na haiwezekani kuijenga bila ei ambayo Castilla ilikwisha kuiacha.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote yanathibitisha kwamba Kigalisia ni lugha na si lahaja. Hayathibitishi, na sijadai hivyo. Jina la lugha hutolewa na watu, sheria na historia. Nilichodai ni kidogo na kinapimika: kwamba Kigalisia hakikutoka kwenye Kihispania. Anayekubali hilo atakutana mara moja na swali la upande wa pili, maana -dade, -eiro, -mento na -axe ya kike zinakiweka bega kwa bega na Kireno, na tofauti kati ya viambishi vya udogo -iño na -inho ni ya tahajia tu. Wapo Wagalisia wanaotaka kuandika kwa tahajia ya Kireno au inayoikaribia, na baadhi yao huandika -çom badala ya -ción. Akademia ilichukua njia nyingine. Katika kanuni zake za mwaka 2003 ilirudisha -za na -zo katika maneno kadhaa yaliyokuwa yakiandikwa kwa umbo linalofanana na la Castilla, kama diferenza, sentenza, espazo na servizo, na ikaikubali Galiza kuwa jina halali la nchi hiyo sambamba na Galicia. Nadhani ilifanya vyema kurudisha -za, kwa kuwa umbo hilo lilikwishakuwa hai katika crenza, imani, na doenza, ugonjwa, kutoka dolentia, lililopoteza l yake kwa kanuni ya Kigalisia ambayo Kihispania hakinayo. Ilifanya vyema pia kuiacha -ción, kwa sababu ndiyo iliyomo vinywani mwa watu, wawe wa Lugo mashambani au wa Vigo bandarini. Ciencia, paciencia na conciencia nazo zimebaki na -encia yao ya kitabuni, na katika kamusi ya Kigalisia zinakaa pamoja na crenza, zote zikiwa na kiambishi kimoja cha Kilatini kilichoingia kwa njia mbili.